Mbwa Asiye wa Mtu

Kila alasiri Kinanda alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba imelala. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na kufikia saa hizo alikuwa amesharudi, amejitupa kitandani na nguo zake za kazi, miguu ameiweka juu ya mto ili uvimbe upungue. Kinanda alivua viatu mlangoni, akapita kwa kunyata, akabadili sare, halafu akaanza: vyombo vya asubuhi, maji ya kuoga, uwanja wa kufagia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Kinanda alipewa na babu yake, kwa sababu alipokuwa mchanga alilia kutwa kucha bila kubadili wimbo. Sasa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jina lilikuwa limeshamganda.

Kazi ya mwisho ilikuwa mbwa. Kinanda alikwangua makoko ya sufuria, akayachanganya na mabaki ya chakula, akayamimina katika beseni lililopasuka ukingo, akampelekea Mgeni. Siku nyingine alisahau maji. Siku nyingine alisahau vyote viwili, akakumbuka ameshajifunika shuka, akajiambia kwamba kaka yake bila shaka amempa.

Mgeni aliletwa na mjomba. Mjomba alikuwa amepata kazi ya ulinzi katika mji mwingine, akafika siku moja na mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo ndani ya boksi, akaomba wamtunzie kwa wiki moja tu. Alisema wamchukulie kama mgeni. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na mwaka wa pili ulikuwa unaelekea kwisha. Mbwa alikua, akawa na kifua kipana na sauti nzito, na jina likabaki lile lile. Mjomba akipigiwa simu aliuliza hali ya kila mtu, hata ya majirani, isipokuwa ya mbwa.

Hakuna aliyemchukia Mgeni, na hakuna aliyemtaka. Mama alisema mbwa ni wa ndugu yake, siku moja atakuja kumchukua. Kaka, aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari, alisema kazi za nyumbani si zake, yeye anashinda chini ya magari ya watu. Kinanda naye alisema mbwa mkubwa namna ile anahitaji mtu mwenye nguvu. Baba yao aliendesha lori la masafa marefu. Alionekana nyumbani mara chache, na akionekana alitaka kitanda tu. Basi Mgeni alikaa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, amefungwa kwa kipande cha waya wa umeme. Waya wenyewe ulikuwa mfupi mno. Kivuli cha ukuta kilipohama mchana, hakuweza kukifuata.

Watoto wa njiani walimrushia mawe kupitia juu ya ukuta ili abweke, wakacheka, wakakimbia. Zamani Mgeni alikuwa akimtikisia mkia kila aliyeingia. Siku hizi vishindo vya miguu nje ya geti vilitosha kumsimamisha manyoya ya mgongo. Mama alilisikia lile bweko jipya akiwa kitandani, akageukia upande wa pili.

Komeo la geti nalo lilikatika tangu majira ya mvua. Kaka aliahidi kulichomelea, na kila alipokumbushwa alijibu kwamba kesho atakuja na vifaa vya gereji. Wakati huo wote geti lilizuiwa na jiwe. Ikapita pia gari ya matangazo, ikitangaza chanjo ya bure ya mbwa kwenye uwanja wa mpira. Siku ya chanjo mama alikuwa kazini. Kaka alidhani Kinanda amempeleka. Kinanda alidhani kaka amempeleka. Au tuseme kweli, alipita karibu na uwanja, akaona foleni ya mbwa wanaobweka na jua linavyowaka, akaamua kudhani hivyo.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja mchana. Mama alikuwa amelala. Kinanda alikuwa akifua sare zake bombani, maji yakianguka ndani ya ndoo kwa kelele. Mgeni alikuwa akihema ulimi nje, beseni lake la maji limekauka kau. Kinanda alimwonea huruma, akamfungua waya ili anyooshe miguu kidogo, akarudi kwenye povu lake. Hakusikia hodi ya kwanza. Hakusikia ya pili.

Aliyepiga hodi alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alikuwa mama wa makamo mwenye kofia ya kitambaa na mkoba begani, ambaye kila mwezi alipita nyumba hadi nyumba kuangalia maji yaliyotumika. Alipoona hajibiwi, na huku anayasikia maji yakimwagika, alijua kuna mtu ndani. Akalisukuma geti. Jiwe likabingirika.

Mgeni hakubweka. Alivuka uwanja kwa kasi, na kabla yule mama hajageuka, meno yalikuwa yamezama kwenye shavu la mguu wake wa kulia. Mama yule alitoa sauti fupi, kama mtu aliyekatishwa maneno, akaanguka kwa goti moja. Kinanda alikurupuka na ndoo ya maji ya sabuni akammwagia mbwa yote usoni. Mgeni aliachia. Akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akajikunyata kwenye nguzo yake huku akitetemeka, kama kwamba ni yeye aliyeumwa.

Kinanda alisimama na ndoo tupu mkononi. Damu ilikuwa ikichuruzika hadi ndani ya kiatu cha yule mama. Lakini msoma mita hakulia. Alijikokota mpaka bombani, akaketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, akauweka mguu chini ya maji.

"Lete sabuni," alisema. "Na bomba usilifunge."

Kinanda alileta sabuni ya kufulia. Yule mama alieleza, huku ameuma meno, kwamba kazini walifundishwa: jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, hata liume vipi, na baada ya hapo ni zahanati moja kwa moja. Kinanda alipiga magoti akamsaidia kuosha. Matundu yalikuwa manne, mawili yameingia ndani sana. Mita ya maji ilikuwa hapo hapo ukutani, mbele ya macho yao, na namba zake zilikuwa zikizunguka.

"Angalau mita yenu nimeiona," msoma mita alisema kwa sauti ya uchovu. Kisha akamtazama Kinanda. "Binti, huyu mbwa amechanjwa?"

Kinanda alifungua mdomo. Kabla hajajibu, mama yake alikuwa mlangoni, kitenge amejifunga upande, alama za mto zingali shavuni. Aliangalia damu, akaangalia mbwa, akaangalia geti lililo wazi. Kinanda aliona jinsi mabega ya mama yake yalivyoshuka, kama mtu aliyefika kileleni akaonyeshwa mlima mwingine.

"Pole sana, dada," mama alisema. "Huyo mbwa si wetu. Anashinda tu hapa."

Msoma mita hakubisha. Macho yake yalikwenda polepole kwenye nguzo, yakaona waya, yakaona beseni, yakarudi kwa mama. Alivaa kiatu chake kilicholowa, akamshukuru Kinanda kwa sabuni, akaondoka akichechemea. Kinanda alimsindikiza kwa macho hadi kona.

Alipogeuka, mama alikuwa amekaa kizingitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kinanda alimwambia kwa sauti ndogo kwamba yule mama ameuliza habari ya chanjo. Mama alijibu bila kuinua uso. Alisema hana nguvu za kesi. Alisema amesimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, na mbwa si wake, hakumwomba, hakumnunua, na akikubali leo kwamba ni wake basi kila kitu kitamwangukia yeye, kama kawaida. Kinanda alikwenda nguzoni. Alimfunga Mgeni kwenye waya, akachota maji, akampa. Mbwa alikunywa mpaka beseni likakauka tena.

Jioni kaka aliporudi, mikono myeusi kwa grisi, alielezwa yote. Alisikiliza huku akila, akasema dawa ni moja: mbwa aondoke. Jirani yao, dereva wa pikapu ya kubeba mchanga, angekwenda machimboni kesho yake asubuhi. Angemchukua Mgeni akamshushe huko, mbali, asiweze kurudi. Mbwa asipokuwepo, hakuna wa kuuliza ni wa nani. Mama alisema haya, na aende. Kinanda aliisukuma sahani yake kando. Aliona ni afadhali, kisha akaona si afadhali, na hakuweza kusema kwa nini. Alikwenda kulala na tumbo tupu.

Jumapili asubuhi mama alimtuma dukani kununua sabuni, maana ya jana iliishia kwenye jeraha. Njia ya dukani ilipita mbele ya zahanati. Kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la dawa, alikuwa ameketi msoma mita, mguu amefungwa kitambaa cheupe kilicholegezwa. Kofia yake ilikuwa mapajani. Bila kofia alionekana mzee zaidi.

Kinanda alitaka kupita upande wa pili wa barabara. Miguu ikakataa. Alimwendea, akamwamkia, akamuuliza mguu unaendeleaje.

Msoma mita alisogea kumpisha akae. Alisema jana walimchoma sindano ya kwanza, na leo ameambiwa arudi waangalie jeraha. Sindano hazimtishi. Kilichomkosesha usingizi ni kingine. Jana jioni mwanawe mdogo alichukua kikombe chake akanywa maji, naye, kwa kuogopa kumwambukiza, akamnyang'anya kwa nguvu mpaka mtoto akaanguka, akalia.

"Hajui kosa lake mpaka sasa," alisema. "Na mimi sikuweza kumweleza."

Muuguzi alikuwa ametoka mlangoni akayasikia hayo. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, aliyeonekana kama amekesha zamu mbili mfululizo. Alimtoa yule mama wasiwasi, akamwambia kwamba kikombe hakina neno, amwache mtoto anywe. Lakini la mbwa lilikuwa na neno. Alieleza taratibu, kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakina tiba. Kwa hiyo hawangoji. Wanaanza sindano mara moja. Ila mbwa akijulikana, anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, basi hakuwa na ugonjwa alipouma, na mtu anapumua. Mbwa asipojulikana, au akitoweka, wao hulazimika kumhesabu kuwa ni mgonjwa. Hapo ni sindano zote, pamoja na dawa nyingine ya kuchoma kwenye jeraha lenyewe, ambayo hapa hawana, iko hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima. Na hata baada ya hayo yote, hofu haiishi upesi.

"Wenye nyumba wamesema mbwa si wao," muuguzi alimalizia. "Basi mama huyu ataondoka leo kwenda hospitali kubwa."

Kinanda alitazama mikono yake. Mawazoni alimwona mama yake kizingitini, ameshika kichwa. Akaiona pikapu ya mchanga.

"Mbwa ni wetu," alisema. "Anaitwa Mgeni. Hajachanjwa. Na sasa hivi wanamchukua kumtupa."

Hakungoja kujibiwa. Aliinuka akakimbia, hela ya sabuni imo kiganjani, kandambili moja ikamtoka njiani asirudi kuiokota.

Pikapu ilikuwa imeshawashwa mbele ya geti, inatetemeka. Kaka na dereva walikuwa wamemwingiza Mgeni kwenye gunia mpaka shingoni, wanamnyanyua. Mbwa alikuwa hapigani. Macho yake yalikuwa yakimtafuta mtu anayemjua. Kinanda alipita katikati yao, akakaa juu ya bamba la nyuma la pikapu, pale pale walipotaka kumweka mbwa.

Kaka alimwambia ashuke. Dereva alicheka kidogo, akasema yeye ana haraka, mchanga haumngoji mtu. Kinanda hakushuka. Mama alitoka ndani kwa sauti za watu, uso umekunjamana, akauliza kulikoni tena.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Kinanda alisema maneno mengi bila kupumzika. Alieleza habari ya siku kumi. Alieleza habari ya hospitali kubwa na dawa isiyokuwepo zahanati. Kaka alijaribu kumkatiza, mama akamzuia kwa mkono. Kinanda alieleza habari ya kikombe, na mtoto aliyeanguka akalia.

"Mama, mimi nimeshawaambia kwamba ni wetu," alisema. "Unichape ukitaka. Lakini asiondoke."

Mama hakumchapa. Aliitazama pikapu iliyokuwa ikiunguruma. Kisha akamwendea dereva, akamwomba radhi kwa kumpotezea muda, akamwambia aende zake. Akamwambia kaka amtoe mbwa guniani. Kaka alianza kulalamika kwamba sasa wamejitia kitanzi wenyewe, wataitwa na serikali ya mtaa, watasemwa na kila mtu. Mama alimwacha aseme mpaka akachoka. Aliingia ndani akavaa gauni la kutokea, akajifunga kitambaa kichwani, akamshika Kinanda mkono. Miguu yake ilikuwa bado imevimba, viatu vikakataa kufunga. Alikwenda na ndara.

Walimkuta msoma mita bado yuko kwenye benchi. Mama alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Dada, jana nilikudanganya," alisema. "Mbwa ni wetu. Chanjo hana. Nisamehe."

"Nilijua," msoma mita alijibu. "Niliuona waya kwenye nguzo. Nimeingia kwenye nyumba za watu miaka mingi, mwenzangu, mbwa wa mtaani hafungwi waya." Aliupangusa uso kwa kofia yake. "Ila sikuwa na nguvu za kugombana. Sogea ukae, na wewe unaonekana umechoka."

Wakakaa pamoja, wanawake wawili waliochoka, na Kinanda pembeni yao na mguu mmoja wenye kandambili.

Alasiri ile ile muuguzi alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akafika kwa pikipiki, amevaa buti za mpira. Alimtazama Mgeni kwa muda mrefu bila kumgusa. Alisema mbwa asiuawe, asifukuzwe, asipewe mtu mwingine. Afungwe mahali penye kivuli, mbali na njia, kwa kamba ndefu, apate maji na chakula, na mtu mkubwa ndiye amkaribie. Wamwangalie: akikataa maji, akitokwa na mate mengi, akitafuna vijiti na mawe, sauti ikibadilika, wampigie simu saa hiyo hiyo. Na akifa wasimzike, waite.

Kisha akauliza mwenye mbwa ni nani. Kaka alisema ni mjomba. Daktari akauliza mjomba yuko wapi. Mama alitoa simu akampigia ndugu yake hapo hapo. Mjomba alishangaa kusikia kwamba mbwa bado yupo. Alicheka, akasema baada ya muda wote huo yule si wake tena, ameshakuwa wao. Mama alikuwa tayari kukasirika. Walimwona akivuta pumzi. Halafu hasira ikamtoka.

"Kweli," alimjibu. "Ameshakuwa wetu." Akakata simu.

Daktari wa mifugo aliwauliza mmoja mmoja nani humpa mbwa chakula. Kinanda alisema yeye. Kaka, kwa shingo upande, alisema naye mara moja moja. Mama alisema chakula chenyewe hutoka jikoni kwake. Daktari alivaa kofia yake ya pikipiki akasema kwamba kama wote wanamlisha, basi hana haja ya kuuliza tena.

Kaka alichomelea komeo la geti kesho yake. Kazi hiyo haikumaliza hata nusu saa, na alipomaliza alikusanya vifaa vyake akaenda kunawa. Alileta pia kamba nene ya gereji, akamfunga Mgeni nyuma ya nyumba chini ya paa la stoo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ndiye aliyempelekea maji, na Kinanda alisimama mbali akiangalia kama anayanywa. Mgeni aliyanywa. Siku ya tatu alikohoa, na Kinanda alikwenda shuleni lakini hakusikia hata somo moja. Aliporudi akamkuta mbwa amelala usingizi mzito, mkia unacheza ndotoni.

Mama naye alijiongezea kazi. Kila msoma mita alipotakiwa kwenda zahanati kuchomwa sindano, mama alipitia huko akitoka kiwandani, na unga bado umemganda kwenye nyusi, akakaa naye benchini mpaka zamu yake ifike. Mara moja walisinzia wote wawili, muuguzi akalazimika kuwaamsha. Mama alirudi nyumbani amechelewa na amechoka kuliko kawaida, lakini Kinanda aligundua kitu: alikuwa halali tena na nguo za kazi. Alibadili kwanza, akatoka nyuma ya nyumba, akasimama akimtazama mbwa, ndipo akaenda kulala.

Siku kumi zikapita, Mgeni akiwa mzima wa afya. Daktari wa mifugo alirudi, akampima, akamchanja, akawaambia tarehe ya mwaka ujao. Muuguzi alimwambia msoma mita kwamba sindano zilizobaki hazina haja. Kinanda alipopata habari hiyo hakuruka wala kushangilia. Alikaa tu kwenye ngazi, akajiona mwepesi na mwenye usingizi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Mwezi uliofuata msoma mita alikuja kusoma mita. Alipiga hodi, akabaki nje ya geti mpaka kaka alipomfunga mbwa na kumwonyesha kamba. Hata hivyo aliingia kwa hatua za kusitasita, na alipokuwa akisoma namba aligeuka mara mbili kutazama nyuma. Mama alimletea kiti na maji ya kunywa. Msoma mita alishukuru, akasema mguu umepona vizuri, limebaki kovu tu. Tatizo ni kwamba siku hizi mbele ya kila geti anasimama kwanza, anasikiliza. Nyumba zilizokuwa zikimchukua asubuhi moja sasa zinamchukua mpaka jioni, na bosi wake haelewi. Hakusema hayo kwa kulaumu. Alikunywa maji, akainuka, akaenda nyumba ya pili.

Alipoondoka, mama aliwaita watoto wake wawili uwanjani. Hakuwa na uso wa ukali. Aliketi kwenye kile kiti alichokalia msoma mita, akavua viatu, akasugua nyayo zake.

"Sikilizeni," alisema. "Sote hapa tulikuwa tumechoka, na mimi ndiye wa kwanza. Mjomba wenu alituachia mbwa, nami nikaona ni haki yangu kusema si wangu. Lakini mnyama ukishamfunga kamba uwanjani kwako, ni wako. Njaa yake ni yako, kiu yake ni yako, chanjo yake ni yako, na meno yake pia ni yako. Tulimwacha juani, tukamwacha bila maji, tukawaacha watoto wamchokoze, kisha tukashangaa amekuwa mkali. Uchovu wetu ndio uliokwenda kumuuma yule mama mguuni. Na kama si Kinanda kusema kweli, ungeendelea kumuuma maisha yake yote."

Kaka alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Alisema kwamba asubuhi mbwa ni wa kwake, jioni awe wa Kinanda, na Jumapili yeye mwenyewe atamtembeza akiwa na kamba. Mama aliitikia kwa kichwa. Alisema yeye atatunza tarehe ya chanjo, na atakwenda kuongea na wazazi wa wale watoto wa mawe.

"Kuchoka nitaendelea kuchoka," aliongeza akiinuka. "Kazi ni ile ile. Ila sitaki tena kuchoka kwangu kumlipishe mtu mwingine."

Aliingia ndani kupumzika. Kinanda alichukua ufagio, akaanza upande wa stoo.